Damu Kwenye Jumba la Nguzo

Panga lilikuwa bado hewani tulipoachana wiki iliyopita, wasomaji. Fundi Hasheem alikuwa chali sakafuni mwa karakana yake, hapa hapa Tukuyu mjini, mchana kweupe, na mvua ilikuwa inapiga bati kwa kelele ambazo jirani asingesikia hata mtu akichinjwa.

Panga likashuka.

Hasheem alijiviringisha. Lilikusudiwa shingo, likapata bega. Lilizama, likagonga mfupa, likakwama.

"Ya Rabi!" alilia Hasheem. "Ya Rabi, nakufa!"

Ambindwile, mwenye panga, alimkanyaga kifuani, akalichomoa panga kwa mikono miwili.

"Picha!" alifoka. "Nipe picha ya baba yangu, la sivyo nakumaliza!"

Picha hakuwa nayo fundi. Alikuwa nayo Tusekile, dada wa tumbo moja wa Ambindwile, aliyesimama nyuma ya meza ya kazi ameikumbatia. Ile ile picha ya jumba kubwa la mawe lenye nguzo, ambayo baba yao, marehemu mzee Ambilikile wa Lupepo, aliachiwa na bibi mmoja wa misheni aliyekuwa anarudi kwao Ulaya. Mzee alipofariki masika yaliyopita, picha ilibaki kwa Tusekile. Asubuhi hiyo Hasheem alikuwa ameitoa kwenye fremu iliyooza, akaibana katikati ya vipande viwili vya plaiwudi na kuifunga kwa kamba ya katani.

Nyuma ya Tusekile mlango wa uani ulikuwa wazi. Hatua chache tu, kisha migomba, kisha mashamba ya chai, na hakuna ambaye angemkamata.

Hakukimbia. Aliruka meza, akapiga magoti juu ya damu, akaziweka zile mbao juu ya shingo ya fundi.

"Kata," alisema. "Kata basi, kaka. Anza na picha."

Ambindwile aliinua panga. Panga likabaki juu.

"Toka hapo, Tusekile."

"Sitoki."

"Nitakukata na wewe! Unafikiri nitakuonea huruma?"

"Mimi unaweza kunikata. Hii huwezi. Aliyekutuma anaitaka nzima."

Dada yake alikuwa amegusa penyewe. Ambindwile mwenyewe hakuwahi kuipenda picha ile. Utotoni alikuwa anasinzia baba yao alipoishusha ukutani Jumapili na kuwaita waitazame. Leo alikuwa anaitaka kwa sababu kuna mtu aliyempa maneno makali: ije bila mkunjo, bila tone.

"Nahesabu mpaka tatu," alisema. "Moja..."

Hakufika mbili.

Biubwa, mke wa Hasheem, alitokea uani. Mikononi alikuwa na sufuria la gundi ya maseremala, ile ya kuchemsha, na ilikuwa bado inatokota. Alimmwagia yote.

Gundi ilimshika Ambindwile mkono wa kulia kuanzia begani mpaka vidoleni. Ilinata. Alipojaribu kuipangusa kwa kiganja cha kushoto, ngozi ikafuatana nayo.

Sauti aliyoitoa ilisikika mpaka barabarani, mvua au hakuna mvua.

Panga likaanguka. Ambindwile akapiga mbio kuelekea mlango wa mbele akiwa hajui anakwenda wapi, na mlangoni akagonga kifua cha mtu. Mtu huyo hakuyumba.

Alikuwa Ackson.

Ackson unamjua, msomaji, hata kama hujawahi kumwona. Kila mji ulipata Ackson wake mambo yalipokuwa ruksa. Alianza na ndizi za kupeleka Dar es Salaam kwa lori la kukodi, akarudi na mabati. Akaenda Kasumulu mpakani, akarudi na redio na vitenge. Sasa malori ni yake, na juu ya kilima, barabara ya kwenda Ikuti, anajenga hoteli ya ghorofa. Mwaka mzima watu wamekuwa wakisimama barabarani kuishangaa hoteli hiyo, maana mbele ina nguzo za mviringo nene kama mapipa, na hakuna anayejua zina kazi gani.

Alikuwa amevaa kofia ya pama, kama kawaida yake, ameivuta mpaka ikafunika upande wote wa kushoto wa kichwa.

"Bosi," alilia Ambindwile, "bosi, wameniunguza..."

Ackson aliutazama ule mkono. Kisha akaupiga teke.

Ambindwile alianguka akijikunja kama mnyoo uliotupiwa chumvi.

"Nimeona kupitia dirishani," alisema Ackson taratibu. "Umeinua panga juu ya picha yangu."

Hakusema juu ya mtu. Alisema juu ya picha.

"Si picha yako," alisema Tusekile.

Ackson aligeuka. Walikuwa hawajatazamana uso kwa uso tangu walipokuwa vijana. Nyuma yake walisimama madereva wake wawili, kila mmoja na rungu.

"Itakuwa yangu," alisema. "Nipe, niondoke."

Tusekile alitazama bega la Hasheem. Damu haikuwa inachuruzika tena, ilikuwa inatoka kwa mapigo. Biubwa alikuwa ameibana kwa khanga yake, na khanga ilikwisha badilika rangi yote.

"Una magari mangapi nje?" aliuliza Tusekile.

"Mawili. Kwa nini?"

"Moja limpeleke fundi hospitali sasa hivi, na mke wake. Nikiona limeondoka, nitakuja na wewe na picha yako. Likikataa kuondoka, naichana hapa hapa." Alikuwa tayari ameingiza kidole kwenye kamba.

"Usiende naye, mdogo wangu!" Biubwa alipiga kelele. "Huyu atakuua!"

"Dada Biubwa, fundi anaishiwa damu. Panda gari."

Ackson aliwaashiria madereva kwa kichwa. Walimbeba Hasheem kama gunia, Ackson akamsukumia ndani ya gari. Gari lilipokunja kona, Tusekile aliinuka, magoti mekundu, akaingia mwenyewe kwenye gari la pili.

Hakuna aliyekumbuka kumtazama Ambindwile. Hakuna aliyeona kwamba alipojikokota kutoka pale sakafuni, alilishika panga kwa mkono wa kushoto.

* * *

Hoteli ilikuwa tupu, na Ackson alikuwa amemrudisha dereva mjini. Mafundi walikuwa wamejikinga mvua kwenye kibanda chao chini kabisa, karibu na rundo la kokoto. Ackson alimpandisha Tusekile ghorofani kwa ngazi ya zege isiyo na ukuta wa pembeni. Juu kulikuwa na sakafu pana, paa nusu, na upande wa mbele hakuna kitu, ni wazi tu mpaka ukingoni. Chini ya ukingo huo nondo za nguzo ambazo hazijamwagiwa zege zilikuwa zimesimama wima, kali, zimelowa.

Ackson alitoa bastola kwenye koti, akaiweka juu ya mfuko wa saruji, mahali ambapo wote wawili waliiona.

"Ifungue."

Tusekile alifungua kamba. Aliilaza picha juu ya plaiwudi, mbali na matone. Ackson akanyoosha kidole.

"Osha mikono kwanza," alisema Tusekile.

"Nini?"

"Ina damu. Osha."

Msomaji, mtu yule alikuwa amevunja taya za watu sokoni kwa maneno madogo kuliko hayo. Leo alikwenda ukingoni, akakinga mikono kwenye maji ya mvua yaliyokuwa yanamwagika kutoka paani, akaosha, akaifuta kwa bitana ya koti. Aliporudi alikuwa anatembea polepole kama mtu aingiaye kanisani amechelewa.

"Sasa nioneshe," alisema. "Nioneshe alivyokuwa anakuonesha mzee."

"Usianze na nguzo. Kila mtu anaanza na nguzo. Anza huku kwenye giza."

Akamwonesha kivuli kilichokuwa chini ya upenu wa jumba. Kwa mbali kilikuwa cheusi kama masizi. Kwa karibu hakikuwa cheusi kabisa. Kilikuwa mikwaruzo, maelfu ya mikwaruzo myembamba kama unywele, imepita hivi, ikapitiwa tena hivi, na katikati yake karatasi inapumua.

"Hii haikuchorwa kwa kalamu," alisema Tusekile. "Fundi Hasheem ameniambia leo. Mchoraji anapaka nta kwenye bamba la shaba, anaikwaruza kwa sindano. Halafu analizamisha bamba kwenye tindikali. Penye mkwaruzo tindikali inakula shaba, penye nta inapita. Kisha bamba linapakwa wino na kukandamizwa kwenye karatasi. Hapa penye weusi ameiacha iendelee kula sana. Hapa penye mwanga ameiwahi. Anga hakuligusa kabisa. Anga ni karatasi tupu."

"Imeliwa," alisema Ackson.

"Imeliwa. Pitisha kidole pembeni. Unasikia palipobonyea? Hapo ndipo bamba lilipokandamiza."

Ackson alipitisha kidole. Midomo yake ilikuwa imeachana. Uso uliotisha soko zima ulikuwa umelegea.

"Mimi nilikuwa naona nguzo tu," alisema. "Nguzo na ile pembetatu ya juu. Nilikuwa nafikiri mwenye nyumba hii hakuna mtu anayeweza kumwambia simama, kaa, toka."

"Mimi nilikuwa naipenda kwa sababu ya nguo."

"Nguo gani?"

"Hizi hapa."

Kati ya nguzo ya pili na ya tatu, ndogo kuliko punje ya mchele, kulikuwa na kamba. Kwenye kamba kulikuwa na shuka na shati, na chini yake mwanamke ameinua mikono anaanika. Karibu naye mbuzi amelala kwenye ngazi. Na juu kabisa, kwenye ile pembetatu, ukitazama vizuri, majani yalikuwa yameota kwenye nyufa.

Ackson aliinama mpaka pumzi zake zikaigusa karatasi.

"Mbona kuna majani?"

"Limeachwa. Wenyewe walishakufa zamani. Walioko ni hawa."

Tusekile alimwonesha tena yule mwanamke.

"Baba alikuwa anatuambia tumtafute yule mama kila Jumapili," aliendelea Tusekile. "Anayemwona kwanza anapewa..."

Hakumaliza. Mkono wa Ackson ulikuwa kooni mwake.

"Umeyachora wewe!" Alimsukuma mpaka mgongo ukagonga nguzo. "Umeyachora kunicheka! Kama baba yako! Nimejenga nyumba ya kufugia mbuzi, siyo? Nimejenga gofu?"

Miguu ya Tusekile ilikuwa haigusi chini vizuri. Macho yalianza kuona weusi pembeni. Alijua kwamba akipigana atakufa, basi akanyoosha mkono mmoja tu, akaonesha picha.

"Kwaruza... kwa ukucha," alikoroma. "Wino... ni mmoja."

Ackson alimwachia. Alirudi, akainama, akapitisha ukucha juu ya yule mwanamke mdogo. Hakufutika. Alikuwa ameliwa kwenye shaba pamoja na jumba lake.

Alikaa chini sakafuni, akavua kofia.

Upande wa kushoto hakukuwa na sikio. Palikuwa na kovu na tundu.

"Nani alikufanyia hivyo?" aliuliza Tusekile akiwa bado anashika koo.

"Usijifanye hujui."

"Sijui. Ulikwenda Zambia kwenye migodi ya shaba, na mwanamke. Ndivyo baba alivyosema. Nilikungoja, Ackson. Nilikungoja mpaka wenzangu wakaanza kunicheka."

Ackson alimtazama muda mrefu, kama anatafuta mkwaruzo mmoja wa uongo usoni mwake. Hakuupata.

"Nilikuja kukuposa," alisema. "Mzee alinikalisha kwenye benchi, mkabala na picha hii, tangu asubuhi, bila hata maji ya kunywa. Sikuwa na kingine cha kutazama. Alipokuja nikamwambia, mzee, mimi sina kitu leo, lakini nitamjengea Tusekile nyumba kama ile. Akacheka. Alicheka mpaka machozi. Kisha akaita vijana wanitoe. Mmoja wao alikuwa na panga la kukatia ndizi."

"Nani?"

"Ameungua mkono leo."

"Na umemwajiri?"

"Nimemwajiri ili aniite bosi. Kila asubuhi aniite bosi, na mimi nimsikie kwa sikio lililobaki. Siku nikichoka kumsikia, nitamwua."

"Basi choka leo!"

Sauti ilitoka kwenye ngazi.

Ambindwile alikuwa amesimama pale, mkono wa kulia umezungushiwa gunia lililolowa, panga katika mkono wa kushoto. Alikuwa amepanda kilima kwa miguu, kwenye mvua, na maumivu yale yalikuwa yamemla akili. Alikuwa amesikia yote.

Ackson alirukia bastola. Ambindwile alimrukia Ackson.

Walianguka pamoja juu ya mfuko wa saruji, ukapasuka, vumbi likawafunika. Bastola ililia. Risasi ilinyofoa kipande cha nguzo, mawe yakamchoma Tusekile shavuni. Ackson alimng'ata Ambindwile kwenye gunia, pale pale penye kidonda. Ambindwile alimpiga usoni kwa mpini wa panga, meno yakatoka. Waligaagaa kuelekea ukingoni, weupe kwa saruji, wekundu kwa damu. Bastola ikateleza, ikaenda nje, ikaanguka chini kwenye tope.

Ackson alikunja mguu, akasukuma kwa nguvu zake zote.

Ambindwile akaenda nje kama bastola.

Hakufika chini. Mkono wa kushoto ulidaka mti wa jukwaa la mafundi uliojitokeza kwenye ukingo. Panga lilibaki sakafuni. Yeye alibaki ananing'inia, na chini ya nyayo zake nondo zilikuwa zimesimama zinamngoja.

"Dada!" alipiga kelele. "Tusekile! Dada yangu!"

Ackson aliinuka, akatema damu. Alisogea ukingoni, akaweka kiatu juu ya vidole vya Ambindwile.

"Niite bosi," alisema.

"Bosi! Bosi, nakuomba!"

"Tena." Akaongeza uzito. Kidole kimoja kilivunjika, wote watatu wakakisikia.

"Ackson!"

Aligeuka.

Tusekile alikuwa amesimama ukingoni, upande wa pili, mikono imenyooshwa nje kwenye mvua. Katika ncha za vidole alikuwa ameishika picha. Tone la kwanza lilikuwa limeshaangukia anga la picha.

"Toa mguu wako."

"Tuse. Usifanye hivyo."

"Toa mguu, au naiachia."

"Amenikata sikio! Ametunyang'anya maisha, mimi na wewe!"

"Najua. Ni kaka yangu. Toa mguu."

Tone la pili. La tatu. Ackson alitoa mguu. Alikuja kwake amenyoosha mikono miwili, kama mtu anayemwomba mtu mwingine mtoto wake.

Tusekile akaitupa. Aliitupa ndani, mbali, ikateleza sakafuni mpaka pale paa lilipokuwa limekatika na maji yanamwagika. Ackson alipiga mbio, akajitupa juu yake, akaifunika kwa kifua chake, mgongo wake ukipokea maji.

Tusekile alikwisha lala kifudifudi ukingoni. Mkono wa kushoto wa kaka yake ulikuwa umevunjika kidole, unaachia. Ukabaki ule wa kulia.

"Nipe mkono!"

"Umeungua! Usiushike!"

Aliushika. Gunia lilivuka, na ngozi ikaanza kuvuka pamoja nalo. Ambindwile alilia kama mnyama. Tusekile aliingiza kucha, akavuta, akamwita Kyala, Mungu wao, akavuta tena, mpaka kifua cha kaka yake kikapanda ukingoni, na magoti, na wote wawili wakabaki wamelala wanahema.

"Umeniokoa," alisema Ambindwile. "Ndaga, dada. Ndaga fijo, asante sana."

Aliinuka. Tusekile alifikiri anataka kukaa mbali na ukingo. Alimwona akiinama, akilibana panga kwa kiganja na vidole vilivyobaki. Bado hakuelewa. Alielewa Ambindwile alipoanza kutembea kuelekea kwa mtu aliyekuwa amelala kifudifudi na kumpa mgongo.

"Kaka, hapana! Ackson, nyuma!"

Aliita upande wa kushoto. Upande ule ule usio na sikio.

Panga lilishuka mara ya kwanza, na ya pili, na ya tatu.

Tusekile alifika, akamsukuma kaka yake akaangukia saruji iliyomwagika. Akamgeuza Ackson. Picha ilikuwa kifuani mwake, kavu, isipokuwa yale matone na kona moja iliyokuwa inanyonya wekundu.

"Tuse," alisema Ackson. Damu ilikuwa inatoka na maneno. "Yule mama..."

"Yupi?"

"Anayeanika. Mwambie aanue. Mvua."

Hakusema tena.

* * *

Bastola ilikuwa imesikika bondeni kote. Mafundi walikuwa wamepanda ngazi, wakasimama juu wamepigwa na butwaa. Nyuma yao alikuja askari polisi aliyekuwa ameongozana na Biubwa kutoka hospitali, maana Biubwa alikuwa ameripoti kabla hata damu haijamkauka mikononi. Hasheem alikuwa hai. Nyuma ya wote alipanda mama mmoja mwembamba, khanga imemshika mwilini kwa maji. Huyo alikuwa Esnath, mama yao Ambindwile na Tusekile. Alikuwa ameleta maharage sokoni, akaambiwa watoto wake wanauana.

Askari alitazama maiti. Alitazama panga. Panga lilikuwa karibu na magoti ya Tusekile, kwa sababu Ambindwile alikuwa amelisukuma pale kwa mguu.

"Nani amemkata huyu?"

"Dada yangu," alisema Ambindwile haraka. "Alikuwa anamnyang'anya picha. Mimi nimekuta. Tazama mikono yangu, mimi naweza kushika panga?"

Watu walimtazama Tusekile. Alikuwa na damu ya watu watatu mwilini.

Ambindwile aliinama kama anayemfariji, akasema naye kwa Kinyakyusa, chini chini. Akamwambia mwanamke hanyongwi. Akamwambia yeye ana watoto wadogo, Tusekile hana. Akamwambia kubali, dada, ulishanivuta mara moja.

"Mama," askari alimwuliza Tusekile, "ni wewe?"

Tusekile alitazama vidole vyake. Chini ya kucha kulikuwa bado na ngozi ya kaka yake.

"Ni yeye," alisema. "Nimemvuta juu kwa mikono hii, halafu akaenda kumkata mtu aliyekuwa amempa mgongo. Na fundi Hasheem pia amekatwa na yeye."

"Hilo mimi shahidi!" alisema Biubwa. "Hata huo mkono nimemuunguza mimi!"

Askari alimfunga Ambindwile pingu. Hakupinga. Alianza kucheka, mabega yakitikisika, na kicheko chake kilikuwa cha baba yao kabisa, kile cha mpaka machozi.

"Vizuri, dada. Umeamua kusema kweli. Basi malizia yote. Waambie na baba alikufaje."

"Baba alikufa kwa pumu."

"Nani kakwambia?"

Aliyemwambia Tusekile alikuwa amesimama pale, kwenye ngazi.

Watu waligeuka. Esnath hakumtazama mwanawe mwenye pingu, wala hakuitazama maiti. Alipita katikati yao taratibu, akachuchumaa kando ya Ackson, akaitazama ile picha kwenye kifua cha marehemu. Aliitazama kwa karibu sana.

"Mama," alisema Tusekile, "mwambie askari kwamba kaka anasema uongo."

"Nilimwomba aiteremshe ukutani," alisema Esnath. "Miaka yote niliishi na nyumba ya watu wengine ndani ya nyumba yangu. Aliitazama hiyo, hakunitazama mimi. Hata siku ile ya mwisho, amelala, hapumui vizuri, macho yalikuwa huko. Nikamwambia, baba Ambindwile, nitazame. Nikachukua mto."

Alinyanyuka, akajipangusa magoti, akamnyooshea askari mikono yake yote miwili.